Mlezi wa Gakindu aliyerudisha kila chupa ikiwa tupu

Saa mbili kasoro asubuhi, chumba cha mabati nyuma ya soko la Gakindu, Mukurweini, kina wakazi wachanga watano na jumla ya meno mawili. Meno yote mawili ni ya mkazi mmoja, naye anayatumia kutafuna kona ya blanketi. Wawili wamelala. Wa nne anatazama dari kama mtu anayesubiri uamuzi wa mahakama. Wa tano, Sophie, mwenye umri wa miezi minne, yuko begani mwa Waithira Ngatia, na kwa namna anavyokunja uso, ana jambo la kusema.

Analisema. Maziwa kiasi cha kijiko kimoja yanateremka kwenye kitambaa ambacho Waithira amekitandaza begani mapema, kama mtu anayemjua mgeni wake.

"Haya, asante," Waithira anamwambia mtoto. "Hiyo ni kidogo, haina shida. Unacheka? Mimi ndio nitafua, wewe unacheka."

Hamlazi. Anatembea naye hatua nane hadi mlangoni, hatua nane hadi dirishani, kifua cha mtoto kikiwa wima dhidi ya kifua chake, kiganja kikipigapiga mgongo polepole. Atatembea hivyo nusu saa nzima. Simu yake kuukuu italia muda ukifika, na hapo ndipo Sophie atakapolazwa chali kwenye godoro, bila mto.

Mezani imebaki chupa ya Sophie. Ndani yake kuna maziwa ya kimo cha vidole viwili.

Kwa mpita njia hiyo ni chupa tu. Kwa Waithira, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, maziwa hayo ya vidole viwili ni jambo zito. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kumrudishia mama yeyote chupa yenye tone. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia ndoa yake. Leo hawezi kulitaja bila kutazama chini.

"Ningekuwa mvivu kidogo," anasema, "singeumiza mtu."

Ili kuelewa kauli hiyo, ni lazima kuelewa chai.

Kabla ya Waithira, soko hili lilikuwa na mlezi mwingine. Siku moja mama mmoja alirudi ghafla kuchukua mwavuli wake akamkuta mlezi huyo ameshika kikombe cha chai nyeupe. Hakuna aliyeuliza maziwa yalinunuliwa duka gani. Hakuna aliyeitisha kikao. Kufikia saa kumi jioni chumba chake hakikuwa na mtoto hata mmoja, na kufikia wiki iliyofuata alikuwa akiuza vitunguu huko mjini Kenol.

Waithira, aliyekuwa akiuza kabeji meza ya pili kutoka hapo, aliyaona yote. Alipokichukua chumba kile alijiwekea sheria mbili. Ya kwanza, kazini atakunywa chai ya strungi pekee, nyeusi kama mkaa, ili harufu ya maziwa isisikike kamwe mdomoni mwake. Ya pili, chupa ya mtoto itarudi tupu.

"Hapa mama akikuja jioni, kabla aangalie mtoto, anaangalia chupa," anaeleza. "Ikibaki, kuna maswali mawili tu. Ati mtoto wangu amekaa njaa? Ama ati ulikuwa unangoja niende ndio upike chai? Sasa mimi nikasema, hiyo maswali haitawahi kunipata."

Hayakumpata. Akina mama wa Gakindu, wachuma kahawa, wauza parachichi na mafundi wa nguo, walimletea watoto kwa shilingi mia moja kwa siku, wakisifu uaminifu wake hadi kanisani. Sifa hizo zilikuwa na gharama, lakini aliyezilipia hakuwa na uwezo wa kuzungumza.

Waithira anaonyesha alivyokuwa akifanya, kwa kutumia mwanasesere asiye na mkono mmoja. Alimlaza mtoto mapajani, kichwa kikiwa chini kuliko magoti. Alitia chupa mdomoni. Mtoto akigeuza uso, aliugeuza tena. Akifunga mdomo, alimfinya mashavu taratibu. Na kwa kuwa watoto wengine walinyonya kwa mwendo wa mtu anayesoma barua ya mkopo, alipasha sindano kwenye jiko na kupanua tundu la chuchu ya chupa, ili maziwa yajitiririkie yenyewe.

"Na wakitapika?" anaulizwa.

Anamgeuza mwanasesere mkononi. "Wakitapika nilikuwa nasema, sawa, sasa amepata nafasi. Naongeza."

Baada ya hapo alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, akaivuta na kukaza fundo hadi tumbo la mtoto likabanwa, kisha akainama kufua.

Watoto walicheua. Walicheua kwenye leso, kwenye godoro, kwenye nywele za Waithira. Wengi walivumilia, wakakua, na sasa wako shuleni wakisumbua walimu. Mmoja hakuvumilia vizuri hivyo.

Jina lake ni Gatimu. Miaka mitatu iliyopita, msimu wa kahawa ulipofika, mama yake, Mukami, aliitwa kazini kwenye kiwanda cha kahawa cha kijijini, kuchambua kahawa mbivu na mbichi. Gatimu alikuwa na miezi mitatu. Mukami, wakati huo akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, aliamka mapema kila siku kujikamulia maziwa, akajaza chupa mbili na kumpelekea Waithira.

"Nilikuwa nakamua mpaka vidole zinakufa ganzi," Mukami anakumbuka. Anazungumza akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka sokoni. "Na jioni napata chupa zote mbili zimeisha. Nilikuwa naskia raha, haki. Nasema, mtoto wangu anakula."

Lakini nguo za Gatimu zilinuka maziwa yaliyochacha. Usiku hakulala. Alijipinda mgongo kama upinde na kulia kila alipolazwa. Wiki ya nne alipopimwa, uzito wake ulikuwa haujapanda hata kidogo. Mukami alimuuliza mlezi wake kama kuna tatizo.

Waithira alichukua chupa tupu akaziinua juu, moja kila mkono.

"Nilimwambia, 'Mama Gatimu, angalia mwenyewe. Hakuna kitu imebaki. Kama mtoto hanenepi, shida si mlezi. Shida ni maziwa.'"

Kama angeishia hapo, pengine jambo lingekwisha kati ya watu wawili. Hakuishia hapo. Alhamisi iliyofuata, akina mama ishirini na wawili walikutana kwa chama chao cha kuchangiana, na mmoja wao akauliza kwa nini mtoto wa Mukami amekonda ilhali analelewa na mlezi bora Gakindu nzima. Mukami mwenyewe alikuwa ameketi safu ya nyuma. Waithira alisimama kutetea jina lake.

"Nikasema, 'Maziwa ya Mama Gatimu ni mepesi kama maji ya kuosha mchele. Mtoto anamaliza yote, lakini haikai ndani.' Wakacheka. Na mimi nikacheka."

Mama mkwe wa Mukami alikuwa ameketi safu ya mbele.

Kilichofuata kilifanywa kwa upendo, na hilo ndilo linalokifanya kiwe kigumu kusimulia. Mama mkwe alihamia jikoni mwa Mukami na sufuria la njahi, maharagwe meusi ambayo kila mzazi wa sehemu hizi hulishwa ili maziwa yaongezeke. Njahi asubuhi, njahi mchana, uji wa mtama katikati.

"Nilikula njahi mpaka nikaanza kuona hiyo njahi ndio inanikula," anasema Mukami, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. Tabasamu halikai. "Kila mtu alikuwa ananiangalia kifua. Hata wazee. Nikienda dukani kununua chumvi, naulizwa, 'Yameongezeka?'"

Maziwa yaliongezeka. Chupa zikajaa zaidi. Waithira, mwaminifu kama kawaida, akahakikisha zimeisha. Gatimu akacheua zaidi.

Baada ya wiki mbili ukoo ulitoa hukumu: maziwa ya Mukami ni mabaya, mtoto apewe ya ng'ombe, yaliyochanganywa na maji. Mukami alikatazwa kunyonyesha hata usiku. Aliyafunga matiti yake kwa kitambaa, akatokwa na machozi siku nne, na siku ya tano maziwa yalikuwa yamekauka.

Gatimu alianza kuhara. Alilazwa hospitalini siku tisa. Aliingia akiwa na kilo tano na nusu. Kufikia siku ya tatu, alikuwa na tano.

Alipona. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu mhusika mwenyewe anapita hapa sasa hivi, akiwa na viatu vya gumboot vilivyovaliwa mguu wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, akimfukuza kuku asiye na hatia yoyote.

"Ako sawa," mama yake anasema, akimfuata kwa macho. "Yeye ako sawa. Ni mimi. Sikuwahi kumnyonyesha tena. Alikuwa akilia, anageuza kichwa kunitafuta kwa blausi, na mimi sina. Hiyo nimebaki nayo."

Waithira hakujua lolote kuhusu kosa lake kwa zaidi ya miaka miwili. Aliendelea kulea, kunywa strungi na kurudisha chupa tupu. Kisha mwezi Machi mwaka huu, muuguzi mmoja wa zahanati, Kaari, mzaliwa wa upande wa Meru, alikuja sokoni kupima watoto uzito. Waithira alimpelekea mtoto wa miezi miwili aliyekuwa akicheua sana.

"Akaniambia, 'Hebu mlishe nione.' Nikafurahi. Nikamwonyesha yote, hata kufinya mashavu. Alikuwa amenyamaza, nikadhani amependezwa."

Kaari hakuwa amependezwa.

"Nilimwambia, 'Mama, huyu mtoto si mgonjwa. Huyu ameshiba tangu dakika tano zilizopita,'" anasema muuguzi huyo.

Kaari anaeleza kwamba watoto wengi wachanga hucheua, kwa sababu mlango wa juu wa tumbo bado ni legevu, na wengi huacha wenyewe kabla ya kufikisha mwaka. Tumbo lenyewe ni dogo. Likijazwa kupita kiasi, kwa haraka, mtoto akiwa amelala na pumzi ya hewa imemezwa pamoja na maziwa, yatarudi yalikotoka.

"Mpe kidogo, mara nyingi. Mshike kichwa kikiwa juu ya tumbo. Mpumzishe katikati abeue. Akigeuza uso, amekwambia ametosheka, basi mwamini," anasema. "Ukimaliza, mshike wima nusu saa. Usimbane tumbo. Na ukimlaza, mlaze chali, si kwa tumbo, na usimwekee mto."

Anaongeza kwamba kuna kutapika ambako si kwa kungoja: matapishi ya kijani au yenye damu, yanayoruka kwa nguvu, au mtoto asiyeongeza uzito, anayekataa kula au anayelegea. "Huyo aletwe kwetu siku hiyo hiyo. Asipelekwe kwa chama."

Waithira alisikiliza yote. Kisha akauliza swali alilobaki nalo.

"Nikamuuliza, 'Na wale ambao maziwa ya mama ni mepesi?' Akaniuliza, 'Mepesi ndio nini?' Nikasema, 'Kama maji ya mchele.' Akaniambia, 'Mama, maziwa ya mama yakikamuliwa huwa hivyo. Hayo ndiyo maziwa.'"

Waithira aliketi kwenye benchi la kupimia watoto. Kaari alidhani anaugua, akampima shinikizo la damu. Lilikuwa juu.

Jioni hiyo alikusanya chuchu zote alizozitoboa, kumi na moja, akazitupa kwenye choo cha soko. Kesho yake aliwapa akina mama chupa zenye mabaki. Wawili waliondoa watoto wao wiki hiyo hiyo. Hakuwalaumu, alikuwa amewafundisha mwenyewe kuangalia chupa.

Saa sita na nusu mchana, Wendy, mama yake Sophie, anaingia akiwa na harufu ya maparachichi. Ana miaka ishirini na miwili na hana subira. Anaishika chupa, anaitazama kwenye mwanga.

"Shosho! Imebaki tena?" anauliza, akimwita Waithira nyanya kama wafanyavyo mama wengi vijana hapa.

"Imebaki."

"Si ungemsukumia tu? Mimi hukamua hiyo kitu na machozi, unajua?"

"Alisema ameshiba."

"Alisema! Ako na miezi nne, alikuambia na Kiswahili ama Kikuyu?"

"Aligeuza uso. Hiyo haina lugha."

Wendy anacheka, anamchukua Sophie, anamnusa shingo. Hanuki maziwa yaliyochacha. Anakaa kwenye kigoda kumnyonyesha kabla ya kurudi kazini, na Waithira, bila kuombwa, anasukuma kiwiko chake juu kidogo ili kichwa cha mtoto kiinuke.

"Lakini Shosho," Wendy anasema bila kuinua macho, "ni kweli unataka kuongea kwa chama Alhamisi? Si uachane nayo? Ukisema hivyo nani atakuletea mtoto?"

Hilo ndilo swali linalomnyima Waithira usingizi, na kila mtu sokoni analijua.

Mukami ni mjamzito tena, mimba ya miezi minane. Mama mkwe wake amekwisha kuzungumza na jirani mwenye ng'ombe kuhusu maziwa ya mtoto atakayezaliwa. Hakuna aliyempa Mukami nafasi ya kubisha, kwa kuwa Gakindu nzima inakumbuka maji ya mchele. Kauli ile bado inaishi. Na aliyeizaa ni mmoja.

Mwezi Aprili, Waithira alimvizia Mukami kwenye kijia cha kutoka kanisani, akamshika mkono, akamwambia yote na kumwomba msamaha.

"Alininong'onezea," anasema Mukami. Hasemi kwa hasira; anasema kama mtu anayetaja bei. "Alikuwa anaangalia nyuma asisikike. Nikamwambia, 'Shosho, ile siku hukunong'ona. Ulisimama. Sitaki uniombe msamaha huku kwa kichaka. Ulisema mbele ya watu, rudisha mbele ya watu. Huyu wa tumboni nataka kumnyonyesha, na kwa hiyo nyumba hawataniamini mimi. Wewe watakuamini.'"

"Na akifanya hivyo, utamletea mtoto amlee?"

Mukami anatazama mikono yake. "Hapana," anasema. "Huyu nitamwacha kwa mama yangu kule Kianyaga nikirudi kazi. Sitaki kudanganya Shosho. Lakini aseme."

Waithira anajua jibu hilo. Aliambiwa uso kwa uso. Kwa hiyo hatasema ili apate mtoto wa Mukami. Pia anajua kwamba anaweza kupoteza hawa watano alio nao, na pamoja nao shilingi elfu mbili na mia tano za kodi ya chumba kila mwezi. Tangu Aprili, chama kimekutana mara sita. Mara zote sita alienda amejiandaa, na mara zote sita alirudi nyumbani akiwa amesema tu "nakubaliana na aliyetangulia."

"Nilikuwa naogopa kuitwa mwizi wa maziwa," anasema. "Miaka kumi na moja sikuonja hata tone. Na sasa ukiangalia vizuri, mtoto mmoja nilimnyang'anya maziwa yake yote."

Simu inalia, nusu saa ya mtoto mwingine imekwisha. Anamlaza chali, anamfunika hadi kifuani, anasubiri aone kama atalalamika. Halalamiki.

Maneno ya Alhamisi ameyaandika nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi. Si mengi. Anayasoma kwa sauti ya kawaida, akiwa amesimama, watoto wanne wakiwa hawasikii na mmoja akimtazama kwa makini.

"Mimi Waithira, miaka tatu iliyopita nilisema hapa kwamba maziwa ya Mukami ni mabaya. Nilikosea. Maziwa yake yalikuwa mazuri. Mimi ndio nilikuwa namlisha mtoto vibaya, nikaficha na chupa tupu. Mkitaka kuondoa watoto wenu, ondoeni. Lakini huyu msichana mumwache anyonyeshe."

Anaikunja kadi. Safari hii, anasema, hajaacha mwanya wa kukimbia. Amemwomba mwenyekiti ampe nafasi kabla ya michango, kwa sababu baada ya michango watu huanza kuondoka. Na jana alipanda kilima mwenyewe hadi kwa mama mkwe wa Mukami, akamwambia asikose.

"Akaniuliza kuna nini," anasema Waithira. "Nikamwambia akuje akae mbele, pale alikuwa amekaa siku ile."